Macho Yangu na Posa ya Dada Upendo

Jumapili, Makambako. Mchana unaelekea kuisha.

Ukungu umekaa mjini tangu alfajiri na baridi ya Juni imeingia mpaka ndani ya mablanketi. Malori ya kwenda Tunduma yanapita yamewasha taa utadhani ni usiku. Nimekaa kitandani chini ya dirisha, naandika haraka kabla mwanga haujanitoroka. Sijaenda kanisani. Nilimwambia Mama kichwa kinaniuma. Kinauma kweli, lakini hiyo siyo sababu.

Jana ilikuwa posa ya dada yangu, Upendo. Na jana hiyohiyo, mbele ya wageni kutoka Makete, mimi nilikuwa mlevi.

Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu.

Nikianzia hapo sitaeleweka. Nianzie Jumanne.

Mimi gizani sioni. Siyo kwamba naona kidogo, au naona kwa shida. Jua likizama, nami nimezama. Wenzangu wakitoka nje baada ya magharibi wanasimama kidogo, wanapepesa macho, halafu wanaendelea na safari zao. Mimi nasubiri macho yazoee giza, na hayazoei. Nilizaliwa hivi. Nilipokuwa mdogo nilifikiri watu wote wako hivi ila wao ni jasiri.

Shuleni bwenini wananiita Kuku. Ikifika saa kumi na mbili jioni lazima atokee mmoja apige kelele, "Kuku, banda linafungwa!" na wote wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu ukicheka wanachoka mapema. Sina maneno ya kuwajibu. Maneno yangu huwa yanakuja nikishalala.

Mama amenilisha maini mpaka nikayachukia. Karoti, mchicha, maboga, mapapai ya kutoka bondeni. Kila mtu aliyejua alimwambia ni upungufu wa vitamini, na kila aliyesema hivyo alikuwa anamwambia pia, bila kusema, kwamba hamlishi mtoto wake. Ndiyo maana aliacha kuwaambia watu. Sasa nimemaliza kidato cha tano, na wiki chache kabla ya kufunga shule niliparamia mawe ya mlingoti wa bendera jioni, nikapasuka kidevu. Mwalimu wa Baiolojia hakucheka. Akampigia Mama simu, akasema kuna madaktari bingwa wa macho wanakuja Njombe kwa wiki moja, amlete kijana.

Basi Jumanne tukaenda.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kama anaongea na mtoto aliyelala. Akatuweka kwenye chumba chenye giza, mimi na Mama, akasema macho yangu lazima yakae gizani kwanza ndipo apime. Tukakaa. Sikuona kitu. Baada ya muda Mama akasema polepole, "Kumbe kuna kitanda humu." Baadaye tena, "Kuna na kalenda ukutani." Mimi nilikuwa nimefumbua macho yangu yote na sikuona kitanda, wala ukuta, wala Mama.

Sikumwambia. Lakini nadhani alijua, kwa sababu aliacha kutaja vitu.

Daktari aliporudi alinibandika vipande viwili vya plasta yenye waya chini ya macho, akanimulika kwa kifaa kinachowaka na kuzima kama radi. Halafu akawasha taa na kutuonyesha mstari kwenye skrini.

"Umeona hapa umeshuka?" akaniambia. "Hiyo ni nzuri. Maana yake zile seli za nyuma kabisa, zinazopokea mwanga, ni nzima. Sasa baada ya kushuka ulitakiwa upande. Upande sana, kama mlima. Wako haupandi."

Niliutazama mstari wangu. Umeshuka, ukabaki bondeni.

Jambo la ajabu ni kwamba haya mambo nimeyasoma. Nimeyakariri yote kwa Kiingereza, tabaka za retina, kemikali zinazopeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, nikachora na kuandika majina pembeni, nikapata alama nzuri. Nilikuwa naandika habari zangu mwenyewe na sikujua. Daktari aliponieleza kwa Kiswahili ndipo iliponiingia, na tangu siku hiyo nimekuwa najirudia kichwani kwa namna yangu.

Iko hivi. Kwenye giza, seli za kupokea mwanga hazilali. Zinapiga kelele. Zinamwaga kemikali inayoitwa glutameti, mfululizo, bila kupumzika. Mwanga ukizigusa ndipo zinaponyamaza. Sikuwahi kufikiria hivyo. Nilidhani giza ndilo kimya na mwanga ndio sauti. Kumbe ni kinyume.

Ni kama mpiga debe wa stendi yetu hapa. "Songea Songea Songea, mmoja tu Songea!" kutwa nzima mpaka humsikii tena. Siku akinyamaza ghafla, hata muuza mahindi ya kuchoma anageuka. Kuna nini? Askari kaja? Gari limejaa? Sasa, seli ya pili kwenye jicho ndiyo huyo muuza mahindi. Glutameti huamsha seli nyingi mwilini, lakini huyu inamlaza. Ikipungua, yeye anashtuka, anaamka, anapeleka habari mbele kwamba mwanga umefika.

Kwangu mimi mpiga debe ni mzima kabisa. Anapiga kelele inavyotakiwa, ananyamaza inavyotakiwa. Muuza mahindi ndiye hageuki.

Mchana naona kwa sababu kuna njia nyingine, ya seli zinazoamshwa na kelele yenyewe, na hizo kwangu zinafanya kazi. Lakini mwanga hafifu karibu wote unapita njia ile ya kwanza. Na kuna kemikali za kutuliza pia, gaba na glaisini. Seli za pembeni zinazitumia kuziambia jirani zao, shii, wewe subiri, mwache huyu aongee. Bila hizo kila seli ingepayuka pamoja na nyingine na usingeona ukingo wa kitu chochote. Daktari alisema kuona, nusu yake ni kunyamazishana.

"Haitazidi," alisema. "Lakini haitapona pia. Hakuna dawa, hakuna chakula. Mama, hukukosea popote kwenye kumlisha."

Nilimtazama Mama nikitegemea atapumua. Hakupumua.

Daktari akaendelea. "Huu ugonjwa unatembea kwenye ukoo. Mara nyingi mama anaubeba bila yeye kuumwa, anawapa watoto wa kiume. Wewe una kaka ambaye jioni anapata shida ya kuona?"

"Hapana," Mama akasema.

Alisema kabla swali halijaisha.

"Una binti?"

"Ninaye mmoja."

"Naye anaweza kuwa ameubeba. Siyo lazima, ni nusu kwa nusu. Akiwa nao, kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nusu ya uwezekano. Ni vizuri ajue. Siyo ugonjwa wa kuua."

Mama akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akasema Mungu akubariki daktari. Tukatoka nje. Kuna benchi pale chini ya mikaratusi. Nilikuwa naelekea getini, akanivuta shati.

"Kaa kwanza, baba."

Nikakaa. Ndipo akaniambia kuhusu Mjomba Festo.

Mjomba Festo alikuwa kaka yake, wa kijijini Kichiwa. Mimi nilimjua kama mlevi wa ukoo. Kila ukoo unaye. Alikuwa anapepesuka njiani jioni, anaingia kwenye mashamba ya watu, anasalimia miti. Shati lake lilinuka ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Wazee wa usharika walimwita wakamwonya, wakamwonya tena, mwisho wakamtenga na meza ya Bwana. Alikufa nikiwa shule ya msingi. Jioni yenye ukungu kama huu wa leo alitumbukia korongoni akitoka shamba, wakamkuta asubuhi, amekauka kwa baridi. Kwa kuwa alikuwa ametengwa, mchungaji hakuja na kengele haikupigwa. Nakumbuka watu wakisema makaburini, "Ulanzi umemla."

"Festo hakuwahi kumeza ulanzi hata tone," Mama alisema. "Hata ule mtamu wa asubuhi wanaopewa watoto."

Sikuelewa. Nikamuuliza harufu je.

"Alikuwa anasukutua na kutema. Kingine anajimwagia kifuani."

Huku kwetu mtu haoi msichana peke yake, anaoa ukoo. Kabla ya posa upande wa mwanamume unatuma mtu aulize chinichini kwa majirani. Kuna kifafa pale? Kuna kichaa? Kuna aliyejinyonga? Kuna ugonjwa wowote unaojirudia? Jirani akisema upo, wageni hawaji, na hawasemi kwa nini hawaji. Wanaume wa upande wa Baba walipokuja kumposa Mama, jioni iliingia wakiwa bado wamekaa, na Mjomba Festo, kijana wakati huo, akaparamia kigoda alichokalia mzee mmoja wa kwao, wote wawili wakaenda chini. Nyumba nzima ikanyamaza. Mtu akauliza, huyu macho yake yana nini?

Mjomba akaanza kuimba. Akaimba kilevi, akimsifia bibi harusi, mpaka wageni wakacheka, wakasema kumbe ni mambo ya ulanzi tu.

"Ulevi ni wa mtu mmoja," Mama akaniambia. "Ugonjwa ni wa nyumba nzima. Festo alijua hilo. Baada ya pale angefanyaje? Kila jioni watu walikuwa wanamwona. Akaamua awe mlevi moja kwa moja. Tulikuwa dada wanne tunasubiri kuolewa."

"Na walipomtenga?"

"Alikaa kimya."

"Na wewe Mama?"

Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Alisema tu kwamba Jumamosi wageni wa Upendo wanakuja mchana na wataondoka kabla ya giza. Wakichelewa, mimi nina homa, nimelala. Na Upendo asiambiwe kitu mpaka awe kwake.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Mimi nasema nimeelewa hata nisipoelewa. Ndivyo nilivyo.

Tangu Jumanne mpaka Jumamosi nilimwangalia dada yangu akishona vitambaa vya viti, akisugua sufuria, akicheka peke yake na simu. Ezekia wake ni mtu mzuri. Anauza mbao karibu na reli, ana mikono mikubwa na ananiita "shemeji profesa" kwa sababu ya miwani yangu. Nilitaka kumwambia Upendo kila siku. Nilifika mpaka mlangoni kwake mara kadhaa, nikauliza kama ameona chaja yangu.

Wageni walichelewa, bila shaka. Ukungu huko juu Makete ulifunga barabara, na walipofika jua lilikuwa tayari limeegemea upande mmoja. Shangazi yake Ezekia, mwanamke wa umbo kubwa mwenye koti la kaunda la kiume juu ya gauni. Mjomba wake mmoja asiyeongea. Na mshenga, Mzee Nelson, ambaye ni mzee wa kanisa kwetu. Kwa upande wetu aliyeongoza ni Baba Mdogo, mdogo wake marehemu Baba. Mama hakumwambia Baba Mdogo chochote kuhusu hospitali.

Hilo ndilo kosa lililotokea. Moja tu.

Nilisalimia nikakimbilia chumbani, nikajifunika. Nikawasikia sebuleni wakienda polepole kama watu wanaovuka mto, wakisifiana, wakiuliza habari za mvua na viazi. Dirisha langu likawa la kijivu, halafu likaanza kupotea. Umeme ukakatika. Nikasikia mishumaa ikitafutwa, na shangazi akisema, "Hata kwetu ndiyo hivihivi, msihangaike." Halafu sauti ya Baba Mdogo, iliyojaa furaha ya kuwa mwenyeji.

"Elia yuko wapi? Chakula kiko tayari, aje awanawishe wageni!"

"Elia ana homa, shemeji," Mama akasema.

"Homa gani, si alinisalimia sasa hivi mzima kabisa? Elia! We Elia! Njoo uwanawishe wakwe zako!"

Kunawisha wageni ni kazi ya mdogo wa nyumba. Ukikataa siku kama ile ni kama umewatupia wageni viatu. Nikaamka.

Mama alinipokea mlangoni pa jikoni. Aliniwekea birika mkono huu na beseni mkono ule, na kwa sekunde alishika vidole vyangu, akavibana. Mshumaa mmoja ulikuwa mezani kule mbali. Kwangu ulikuwa nukta. Ulijionyesha wenyewe na haukunionyesha kitu kingine.

Nikaenda kwa kufuata sauti. Nilijua kochi liko wapi. Sikujua kwamba wamelisogeza ili kuweka meza ya zawadi.

Nilimkanyaga mtu. Nikainamisha birika mahali nilipodhani pana mikono, na maji ya moto yakamwagikia mapajani pa shangazi. Akapiga kelele. Nikarudi nyuma, nikaparamia kreti ya soda, chupa zikaviringika sakafuni, beseni likaniponyoka likalia kama sahani za bendi ya shule.

"Jamani!" shangazi akasema. "Huyu kijana macho yake yana nini?"

Kimya.

Nataka nikieleze kile kimya vizuri, kwa sababu sijawahi kusimama mahali penye kimya kirefu namna ile. Kilikuwa changu. Wote walikuwa wananisubiri. Ningeweza kusema sentensi moja tu, sentensi fupi, shangazi samahani mimi gizani sioni. Nilikuwa nayo mdomoni.

Mama akacheka.

"Wavulana hawa jamani! Hajamaliza wiki tangu arudi likizo, ameshajua ulanzi unauzwa wapi."

Kukawa na pumzi moja, halafu watu wote wakacheka pamoja, kile kicheko cha watu waliokuwa wanaogopa. Shangazi akasema, "Lo! Hata kwetu wapo, tena wakubwa kuliko huyu!" Baba Mdogo akawa anajipiga mapajani kwa kicheko. "Njoo hapa we mjinga, njoo nikunuse!" Mama akasema kwa haraka, "Mwache shemeji, aibu hii nitaimaliza mwenyewe."

Mzee Nelson hakucheka. Nilimsikia akisema kwa upole kabisa, "Huyu si amepata kipaimara juzijuzi? Aje Jumatano tuzungumze naye, sisi wazee."

Sasa naandika kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote.

Niliyumba.

Nilikuwa nimesimama imara kabisa. Nikayumba kwa makusudi, kidogo, upande wa kushoto, na nikatabasamu lile tabasamu la kijinga. Hakuna aliyeniagiza. Mwili wangu ulifanya wenyewe, na kicheko kikaongezeka, na nilijisikia, Mungu anisamehe, nimefanya vizuri. Kwa mara ya kwanza nimewachekesha watu.

Mkono ukanishika kwapani ukanitoa nje. Alikuwa Upendo. Aliniegemeza kwenye ukuta wa jiko, akaleta uso wake karibu na wangu mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, akavuta hewa. Halafu akaniachia, akarudi ndani kwa sababu walikuwa wanamwita aje aulizwe kama anawafahamu wageni hawa. Nikamsikia akijibu kwamba anawafahamu. Vigelegele.

Usiku sikulala, na hilo halina maelezo zaidi.

Leo asubuhi Mama alienda ibadani. Upendo alibaki kuosha vyombo vya jana. Akaja chumbani mikono ikiwa na povu, akasimama mlangoni.

"Mdomo wako haukunuka kitu."

Nikavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Ulinuka chai, Elia. Chai na maandazi. Kwa nini Mama kasema umelewa?"

Nikamwangalia miguu. Alikuwa amevaa kandambili za Mama. Nilifikiria kumwambia niulize kesho, au muulize Mama. Halafu nikaanza kuongea, vibaya, bila mpangilio, nikianzia katikati. Mstari ulioshuka. Mjomba Festo na shati lake. Kelele, kimya, muuza mahindi. Lazima nilisikika kama kichaa. Hakunikatiza hata mara moja. Povu lilikauka mikononi mwake.

Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Na mimi?"

"Nusu kwa nusu."

"Na nikiwa nao, watoto?"

"Wa kiume, kila mmoja nusu. Wa kike wataona, ila wanaweza kuubeba."

Akakaa kwenye ncha ya kitanda. Akasema Mjomba Festo alikuwa anamletea matunda ya porini kwenye mfuko wa shati, na yalikuwa yananuka ulanzi, na yeye alikuwa anayatupa. Alilia kidogo, siyo sana. Nilidhani atasema tunyamaze mpaka harusi ipite. Kusema kweli nilitamani aseme hivyo. Ningekuwa nimeutua mzigo na hakuna ambacho kingebadilika.

"Nampigia Ezekia," akasema.

"Subiri Mama arudi."

"Mama akirudi sitapiga."

Akatoka na simu mpaka nyuma kwenye rundo la kuni. Nilimwona kupitia dirisha hili. Mchana naona vizuri, niliona kila kitu. Aliongea muda, mkono mmoja ukichezea gome la ukuni. Halafu akawa anasikiliza tu. Halafu akawa ameshika simu sikioni bila kuongea wala kuitikia, na sikujua kama upande wa pili kuna mtu anazungumza au wote wawili wamenyamaza.

Aliporudi nilimuuliza amesemaje.

"Amenishukuru kwa kumwambia."

"Halafu?"

"Amesema atawauliza kwao."

Akaenda kumalizia vyombo.

Mama alirudi kutoka kanisani na mboga. Upendo alimwambia palepale uani, kabla hajaweka mfuko chini. Nilikuwa nasikiliza huku nimeshika komeo la mlango. Mama hakupiga kelele, hakumpiga mtu. Alikuja chumbani kwangu, akavua kilemba, akakishika mkononi kama kitu alichokiokota.

"Festo alinyamaza maisha yake yote," akasema. "Wewe umeshindwa siku moja."

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu mpaka sasa. Ametenga chakula, mimi nimewekewa changu. Nilipomwambia asante alikuwa ameshageuka.

Nimejaribu kumkasirikia na sijaweza. Miaka yote hii ameubeba ukimya wa kaka yake, na ilipofika zamu yake ya kumlinda mtoto wake mmoja, alimchukua mwingine akamtumia, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee aliyowahi kuiona ikifanya kazi. Na ilifanya kazi. Aliolewa, akatuzaa sisi. Mimi nipo kwa sababu Mjomba Festo aliimba siku ile.

Lakini najiuliza kitu kingine, na hiki ndicho kinachoniuma kichwa. Nilimwambia Upendo kwa ajili yake, au kwa ajili yangu? Kwa sababu asubuhi nilipoamka, kabla sijafikiria habari za watoto wake, nilifikiria habari za Jumatano. Nilijiona nimekaa mbele ya wazee, nikikubali kosa. Nikajiona Jumatano nyingine, na nyingine. Niliogopa. Inawezekana nimeuza posa ya dada yangu ili mimi nisiitwe mlevi. Inawezekana pia ningeinyamazia na angezaa mtoto wa kiume anayeparamia mawe jioni, na yeye akahangaika na maini na karoti, akidhani ni kosa lake. Yote mawili ni kweli na sijui nitayaweka wapi.

Jumatano nitawaambia wazee. Hilo nimeamua. Nitawaambia habari zangu, na nikiweza, sauti isipokatika, nitawaambia na za Mjomba Festo, kwa jina lake.

Upendo hajatoka chumbani kwake tangu mchana. Soketi yake imeungua, kwa hiyo simu yake iko hapa kwangu, juu ya daftari langu la Fizikia; ilikuwa inachaji mpaka umeme ulipokatika tena. Haijaita. Mwanga umebaki mstari mwembamba juu ya bati la jirani na herufi zimeanza kuyeyuka. Korido haina taa, na sebuleni, ambako lazima nipite kufika kwa Upendo, Baba Mdogo amekuja na majirani wawili, nawasikia wakiongea juu ya jana na kucheka.

Simu ikiita, nitampelekea. Nitapita katikati yao nikipapasa ukuta kwa mikono miwili, polepole, kama mtu asiyeona.